Kurasa Kumi na Moja za Mwisho

Kabla kitabu hakijapanda kwenye meza ya Hashimu, kilipita kwanza kwenye wembe.

Hiyo ndiyo ilikuwa biashara yake pale Mtaa wa Swahili, Kariakoo, miaka ile ya foleni za sukari na sabuni. Alikodisha vitabu vya upelelezi: maiti kwenye buti la gari, barua isiyo na jina, inspekta aliyevaa koti refu kwenye joto la Dar es Salaam. Mwanzoni vitabu viliondoka visirudi. Mtu anaomba cha siku moja, ukimwona tena ni mwezi umepita, na kitabu anasema kipo kwa shemeji. Hashimu, ambaye shule aliishia darasa la nne lakini kichwani hakuwa mjinga, akatafuta dawa.

Kila kitabu kipya alikikata kurasa za mwisho. Kurasa zile alizifunga kwa uzi, akaandika jina la kitabu juu yake, akazitia ndani ya debe la biskuti. Mteja alikwenda kwake na kitabu kisicho na mkia. Akifika pale ambapo inspekta anawakusanya watu wote sebuleni na kuufunga mlango, anafunua, anakuta gamba la nyuma. Hana budi kurudi. Akirudisha kitabu ndipo anapewa kifurushi chake, anakaa kwenye benchi mbele ya kibanda, anasoma hapohapo huku Hashimu anamtazama mikono. Watu walimtukana matusi ya kila kabila, lakini walirudi. Wakambatiza jina, Hashimu Wembe, na jina likakaa.

Sasa, mwaka themanini na sita, Ijumaa moja ya masika, aliletewa nakala tatu za kitabu kipya kiitwacho Godauni Namba Tisa. Mwandishi wake alikuwa Mwinyimvua Sefu, karani wa zamani wa bandari, mtu wa Mtaa wa Mafia, hatua chache tu kutoka pale. Hashimu alikata kurasa kumi na moja kwenye kila nakala, kama kawaida, akatia debeni, akakodisha zote tatu jioni ileile. Yeye mwenyewe alikuwa hajasoma hata mstari mmoja.

Jumapili usiku mvua ikanyesha ya kufumua mitaro. Maji meusi yaliingia kibandani yakakaa mpaka asubuhi. Debe lilikuwa chini. Hashimu alipofungua alikuta uji.

Vitabu vingine havikumpa shida, mwisho wake alikuwa akiujua. Lakini saa nne akaja fundi cherehani mmoja na nakala ya Godauni mkononi, macho mekundu kwa kukesha.

"Haya Wembe, lete mkia."

"Kurasa zimelowa. Kaa nikusimulie."

"Simulia upesi, nina suti ya bwana harusi."

"Wewe kwanza niambie ulipoishia."

Fundi akamweleza. Karani wa godauni la pamba ameuawa. Mlinzi, mzee mwenye jicho moja, amekamatwa tangu sura ya kwanza. Kuna tajiri mwenye godauni, kuna mke wa karani, kuna mhasibu anayevaa pete mbili.

"Na wewe unamshuku nani?" Hashimu akauliza.

"Mimi? Mlinzi. Wenzangu wanasema mhasibu, lakini mimi nimesema mlinzi toka jana."

"Basi ni yeye," akasema Hashimu. "Umepatia."

Fundi alipiga paja, akaondoka amefurahi kama aliyeshinda bahati nasibu.

Ndivyo ilivyoanza. Hashimu aliusimulia mwisho ule miaka sita. Kila mara aliuongezea chumvi: panga chini ya kitanda cha mlinzi, damu kwenye kofia yake, mzee analia pingu zikimbana. Kilikuwa kitabu kilichopendwa kuliko vyote, madukani hakikuonekana, aliyekitaka alikuja kwa Hashimu, na watu waliusimulia mwisho wake kwenye vibaraza, kazini, msibani. Hashimu hakuona dhambi. Aliona ni hadithi tu, na hadithi haina mwenyewe.

* * *

Halafu ikaja ruksa. Kila kitu ruksa. Meli zikaleta redio, viatu, mikanda ya video, na kijana aliyekuwa akikaa kwenye benchi la Hashimu akahamia kwenye banda la video lenye kelele za risasi. Shirika lililokuwa likichapisha vitabu vile likafa, na vitabu vya ghala lake vikauzwa kwa kilo kwa wakaanga karanga. Kwa miaka miwili mji mzima ulikula karanga zilizofungwa kwa kurasa za upelelezi. Hashimu alifunga kibanda, akahamia Mchikichini, akatandika nailoni pembeni ya mitumba, akauza vitabu vilivyotumika na magazeti ya zamani. Nakala zake mbili za Godauni zilichakaa zikatupwa. Ya tatu aliondoka nayo mwalimu mmoja Mzungu mwaka themanini na tisa, asirudi. Yule alikuwa akijifunza lugha tu. Muuaji alikuwa hamsumbui.

Mwaka elfu mbili na moja, mwanamke mmoja mrefu, amevaa baibui na miwani, alisimama mbele ya nailoni yake.

"Shikamoo. Wewe ndiye Hashimu Wembe?"

"Marahaba. Inategemea nakudai au unanidai."

Candida, aliyekuwa akiuza viatu vya mitumba jirani yake, akacheka. "Dada, sema shida yako, huyu baba Nasreen maneno mengi mzigo hakuna."

Yule mwanamke alisema anaitwa Sitara, binti wa Mwinyimvua Sefu. Baba yake alipata kiharusi mwaka jana. Anasikia, anaelewa, lakini ulimi umefungwa, na ukimwambia aitikie ndiyo au hapana analia tu. Sasa kuna mchapishaji mpya anataka kurudisha Godauni Namba Tisa madukani, lakini anataka nakala kamili. Mswada ulishaliwa na mchwa. Nakala ya nyumbani iliazimwa ikapotea.

"Kila ninayemuuliza ananiambia, vitabu vya upelelezi vya zamani, muulize Hashimu. Nataka kiwe mkononi mwa baba kabla hajafa. Daktari hanifichi."

Hashimu alizikumbuka zile kurasa debeni. Angeweza kusema hapohapo. Badala yake akasema, "Nitakitafuta."

Na alitafuta kweli, hilo asionewe. Alikwenda kwa wakaanga karanga wa Buguruni, akapekua magunia ya karatasi mpaka akapata mafua. Alimtafuta mlinzi wa lile ghala la shirika, akaonyeshwa vumbi na panya. Aliingia maktaba, akakuta kadi ya kitabu ipo na kitabu hakipo. Alikwenda kwa walimu waliostaafu, kwa wajane wa walimu. Wote walikikumbuka.

"Si kile cha mlinzi aliyeua?" wakasema.

Hashimu akatikisa kichwa, akaaga.

Mwishowe akamfikisha Sitara kwa Girish. Girish alirithi duka la vitabu kwa baba yake, nyuma ya Posta. Zamani madirisha yake yalijaa riwaya, siku hizi ni daftari na vitabu vya mitihani, lakini yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa wa hadithi za mauaji tangu utotoni. Pembeni ya kaunta alikuwa na kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kufumwa kama bibi harusi.

"Hashimu, wewe bado unatembeatembea kwa miguu kutafuta kitabu?" akasema. "Dunia ipo humu sasa. Iko tovuti ya duka moja, Uingereza, kazi yao upelelezi wa zamani tu. Wewe taja nchi, wao wanayo."

"Na cha Kiswahili?"

"Subiri. Huyu punda hapendi haraka."

Simu iliyoungwa kwenye kompyuta ililia mluzi, ikakoroma, ikanyamaza. Walikunywa chai kikombe kizima kabla ukurasa haujashuka, mstari baada ya mstari. Girish aliandika jina la kitabu kwa kidole kimoja. Likatokea. Nakala moja. Hali: nzuri kiasi.

Sitara aliweka mkono mdomoni. Girish akaagiza kwa kadi yake, akakataa kuzungumzia malipo. "Nami nataka kukisoma mwenyewe, zamani nilisimuliwa tu. Mnajua muuaji ni nani? Ah, basi, sisemi."

* * *

Kifurushi kilifika baada ya wiki tano. Walikifungua juu ya kaunta, watatu wao. Gamba lilikuwa lilelile, mlango wa godauni na tone la damu. Sitara alikinusa kwanza, kama mtu anusavyo nguo ya mtoto. Akafunua mwisho.

Hapakuwa na mwisho. Palikuwa na visiki vya karatasi, vimekatwa sawasawa, kazi ya mkono uliozoea.

Girish akarudi kwenye ukurasa wa kwanza, akainamisha miwani, akasoma mhuri wa zambarau kwa sauti. "Kodi Vitabu kwa Hashimu, Mtaa wa Swahili. Rudisha Usome Mwisho." Akaangua kicheko akimtaja mungu wake. "Ramachandra! Kimekwenda Uingereza kimerudi, na mwizi wake tumesimama naye hapa! Hashimu, wewe kweli wembe!"

Hashimu hakucheka. Alitazama sakafu. Alitarajia matusi, na matusi angeyapokea kwa moyo mmoja. Lakini Sitara alimgeukia na uso wake ulikuwa na matumaini, jambo lililomuumiza zaidi.

"Basi wewe ulizishika zile kurasa," akasema. "Wewe ulizisoma."

"Dada..."

"Ngoja nikueleze kaka Hashimu, uelewe. Babu yangu alikuwa mlinzi bandarini, enzi za mkoloni. Karani aliuawa, wakamkamata yeye, akafia jela. Hakuua. Aliyeua alijulikana, ila alikuwa mkubwa. Baba alikua anaitwa mtoto wa muuaji. Kitabu hiki alikiandika kumsafisha babu. Kizima amekijenga ili msomaji amshuku mlinzi, halafu mwisho, kwenye hizo kurasa, mlinzi anatoka mweupe, mikono safi. Mimi nilikuwa mdogo nikisoma Tanga kwa shangazi, sikuwahi kukisoma. Alinieleza kwa mdomo, juujuu, muuaji hakunitajia. Alisema, utasoma."

Girish alikifunga kitabu taratibu.

"Halafu kitabu kikatoka, na watu wakawa wanamsimamisha njiani. Mwinyimvua, yule mlinzi wako shetani! Mwinyimvua, mlinzi ulimpatia! Mwezi wa kwanza, wa pili, mwaka wa tano. Watu wazima, waliosoma. Baba aliamini ameandika vibaya. Aliniambia, mwanangu, nimemuua baba yangu mara ya pili, kwa kalamu. Hajaandika tena. Hata barua alimpa mtu amwandikie."

"Lakini mlinzi ndiye..." Girish akaanza, akasita.

"Umeona?" akasema Sitara. "Hata wewe. Kaka Hashimu, naomba kitu kimoja. Njoo nyumbani umwambie baba kwamba wewe ulisoma mpaka mwisho, na ulimwelewa. Mtu mmoja tu. Halafu unisimulie mwisho wenyewe, niandike."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Wawili wanamsikiliza, mlango uko wazi, jua la saa tano. Hashimu alifungua mdomo.

"Nitakuja kesho," akasema. "Jumatano. Nikumbukekumbuke kwanza."

* * *

Jumatano hakwenda. Alijiambia kuna mzigo wa magazeti unaingia. Alhamisi alijiambia tumbo. Ijumaa alifika mpaka kona ya Mtaa wa Mafia, akaiona nyumba, mlango wa mbao wa zamani, nguo za mgonjwa kwenye kamba. Akasimama kwa muuza kahawa akanywa vikombe vitatu, akarudi Mchikichini.

"Baba Nasreen, una nini?" Candida alimuuliza Jumamosi, huku anapaka rangi soli ya kiatu cha kike. "Umemuuzia mtu gazeti la juzi kwa bei ya leo?"

Akamweleza. Alikuwa hajapata kumweleza mtu. Alitarajia Candida aseme, ah, hadithi tu hizo. Candida aliweka brashi chini.

"Mzee yupo kitandani anajiona mjinga, na mjinga ni wewe."

"Nikienda nitamwambia nini? Mwisho wenyewe siujui. Sikuwahi kuusoma."

"Mwambie hivyohivyo. Mzee, hawakukuelewa vibaya, hawakukusoma kabisa. Mimi ndiye niliyewadanganya. Maneno manane, kumi. Umesimulia uongo miaka sita bila kuchoka, ukweli wa dakika moja unakushinda?"

"Binti yake atanitukana."

"Atukane! Hujawahi kutukanwa wewe? Funga nailoni uende."

Ilikuwa saa kumi na moja, na wateja wa Jumamosi wamejaa. Akasema atakwenda Jumapili. Jumapili alivaa kanzu, akatembea kutoka Mchikichini mpaka Mtaa wa Mafia, maneno yake kayapanga mdomoni kama sarafu za nauli. Mzee, kurasa zako zililowa. Mzee, mlinzi nilimtia hatiani mimi.

Alipokata kona aliona turubai.

Wanaume walikuwa wamekaa kwenye mikeka barabarani, gari la mizigo limeziba njia, na ndani kilio kilikuwa kimeshashuka, kile cha watu waliolia tangu alfajiri. Mtu mmoja alimsogezea nafasi. "Karibu ukae. Ulikuwa unamfahamu marehemu?"

"Kitabu chake," akasema Hashimu.

"Ah, Godauni! Yule mlinzi, eh? Mwenye jicho moja. Mtu alikuwa anajua kuandika huyu."

Hashimu alikaa. Alasiri walibeba jeneza kwenda Kisutu, naye akatia bega kwa zamu yake, hatua ishirini, wakampokea. Kaburini alitupa mchanga. Maneno aliyokuja nayo alirudi nayo.

Siku ya tatu, baada ya hitima, alimsubiri Sitara uani, karibu na masufuria. Akamweleza lote akiwa amesimama: debe, mvua, fundi cherehani, panga chini ya kitanda. Hakupunguza. Sitara alimsikiliza mpaka mwisho na macho yake hayakuhama.

"Kwa hiyo mwisho hauujui."

"Siujui, dada."

"Na hakuna anayeujua."

"Aliyekuwa anaujua mmemzika."

Mwanamke mmoja alipita na ndoo, wakampisha. Sitara alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kanga, akaivaa tena.

"Jumatano alikuwa anasikia," akasema. "Nilimnyoa. Nilimwambia kuna mgeni wako anakuja, alisoma kitabu chako mpaka mwisho. Nikamkalisha na mito. Alikaa mpaka magharibi."

Hashimu alivua kofia yake.

"Nenda," akasema Sitara. "Usile hapa."

* * *

Kitabu kilitoka mwaka uliofuata, kwa kuwa Sitara aling'ang'ana na mchapishaji mpaka akakubali. Kiliishia palepale wembe ulipopita, katikati ya sentensi, inspekta ameshika kitasa cha mlango. Ukurasa wa mwisho uliandikwa: Sura iliyobaki ilikatwa na mwenye kukodisha vitabu, ikaharibika. Aliyeiandika amefariki. Mlinzi hakuua.

Jina la mwenye kukodisha halikutajwa. Hashimu hakujua kama ni huruma au ni kwamba halikustahili wino.

Alichukua nakala kumi kwa Girish, akazipanga mbele kabisa ya nailoni yake. Zilikaa. Watu walitaka vitabu vya kompyuta na vya kutajirika. Siku moja ya Septemba akasimama baba mmoja mwenye briefkesi, akaokota nakala, akatabasamu.

"He! Hiki bado kipo? Nilikisoma Mtaa wa Swahili nikiwa kijana. Kulikuwa na jamaa pale na benchi." Alimtazama Hashimu, hakumtambua. Nywele zilishakuwa nyeupe. Akafunua mwisho, akasoma, akakunja uso. "Hii nini sasa? Mlinzi hakuua?"

"Hakuua," akasema Hashimu.

"Acha bwana. Mlinzi ndiye. Panga lilikuwa chini ya kitanda."

"Hilo panga halimo kwenye kitabu."

"Limo! Na kofia yenye damu. Mimi nakumbuka, mwanangu wa kwanza nimemlaza kwa hadithi hiyo."

"Mzee, panga nililiweka mimi. Jamaa wa benchi ni mimi. Kurasa zililowa, nikawadanganyeni."

Yule baba alimtazama kuanzia kandambili mpaka kofia, taratibu. Halafu akacheka, akamgeukia Candida.

"Mama, huyu mzee wenu vipi? Anauza vitabu hajavisoma, halafu anajifanya kavitunga yeye."

Candida hakucheka. Aliendelea kupanga viatu.

Yule baba akarudisha kitabu juu ya nailoni, gamba chini, akaenda zake. Hashimu aliinama, akakigeuza, akakipangusa vumbi, akakirudisha kwenye mstari na vile tisa vingine.